Mvua Niliyoigawa Nusu kwa Nusu

Kisiwa chetu kiko mwendo wa nusu siku kwa pirogi, yaani mtumbwi, ya injini, ukishuka mto kutoka Kisangani. Hakina barabara kwa sababu hakina gari, na simu haishiki mpaka upande ngazi ya kengele ya kanisa na kugeuza uso upande wa mji. Kwa hiyo mama anayefanya kazi katika ofisi ya hali ya hewa alipotujia na habari kwamba wataalamu wa mvua wa nchi jirani watafanya siku moja ya mkutano wao kwetu, chefu wa kisiwa alimwuliza mara mbili kama hakukosea kisiwa.

"Hapana, papa chefu," alisema. "Ni hapa. Beko wanakuya kuona kopo ya papa katekista."

Katekista ni mimi. Kopo ni kipima mvua, silinda ya bati iliyofungwa juu ya mti uliochongwa, nyuma ya kanisa, mahali pasipo na kivuli. Niliwekewa miaka zaidi ya ishirini iliyopita na mtu wa serikali ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Alinichagua kwa sababu nilijua kusoma na kuandika na kwa sababu siondoki kisiwani. Kila asubuhi saa mbili kamili ninamimina maji ya kopo katika bilauri yenye mistari, ninasoma mstari, ninaandika namba katika daftari, ninamwaga maji. Hakuna mshahara. Kuna daftari jipya kila mwaka, na kalamu, na furaha ya kujua kitu kimoja kuhusu kazi ya Mungu ambacho jirani hajui.

Yule mama alikuwa akija kila baada ya miezi michache kuchukua namba zangu na kuziingiza katika ordinateri yake, yaani kompyuta. Alianza kuja akiwa msichana aliyetoka chuoni, sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Ni yeye aliyeniambia wazi kilichokuwa mezani. Wakubwa wake walitaka mkutano wote ufanyike mjini, hotelini, penye feni. Alisimama mbele yao akasema kuna mzee kisiwani ambaye madaftari yake hayana hata chumba kimoja cha siku kilicho kitupu, na kwamba wageni wakiyaona watayakubali. Yakikubaliwa, kisiwa chetu kingeandikwa katika orodha ya vituo vya kudumu, na mto ukianza kujaa tungepewa habari kabla ya maji kufika milangoni. Sisi tunaishi juu ya udongo wa chini. Mara mbili katika maisha yangu nimeona mto ukichukua makaburi.

Kwa hiyo tulijiandaa kama watu wanaopokea askofu. Wanaume walichimba vyoo viwili. Chefu alitaka kimoja kiwe na mlango wa mbao kwa ajili ya wakubwa na kingine pazia kwa ajili ya wadogo, tukabishana siku nzima namna ya kujua mkubwa ni nani kati ya watu wanaopima mvua. Mwishoni vyote viwili vilipata pazia. Kanisa ndilo paa pekee la kutosha watu wengi, basi tukasogeza altare ukutani kwa heshima, tukaifunika, tukapanga viti. Ilihitajika nguo nyeupe ya kuonyeshea picha. Mtu mmoja alipendekeza kitambaa cha altare. Nilimtazama tu. Mke wangu alitoa shuka yake.

Wanawake walikuwa na mashaka ya chakula.

"Batu ya mvua wanakulaka nini?" aliuliza mama kiongozi wa wapishi.

"Wanakula kama batu," nilisema.

"Bon. Tutafanya lituma, pondu, samaki ya majani, na mbinzo kidogo. Wakikataa mbinzo, tutajua hawakusomaka sana." Lituma ni ndizi za kuponda, pondu ni kisamvu, na mbinzo ni viwavi.

Halafu wakaniomba niombe mvua isinyeshe siku ile. Niliwaambia siwezi kumwomba Mungu azuie mvua kwa ajili ya watu waliosafiri kuja kuona mvua inavyopimwa. Walisema basi wataomba wenyewe, na waliomba, kila jioni baada ya rozari, kwa sauti ambayo walijua itanifikia.

Siku ilifika kavu. Boti mbili za kasi ziliwasili asubuhi na wageni waliovaa makoti ya rangi ya chungwa ya kuzuia kuzama. Mmoja wao hakulivua lake mpaka wakati wa chakula. Waliimbiwa, wakapewa maji ya kunawa, wakaongozwa nyuma ya kanisa. Walilizunguka kopo langu kimya, wakiinama, wakipima kwa macho umbali wa miti, na mmoja akapiga picha ya mti uliolibeba, kuanzia chini hadi juu. Niliona aibu kidogo ya furaha, kama mtu anayesifiwa mtoto wake mbele yake.

Kisha wakaingia kanisani. Hotuba zilikuwa kwa Kifaransa, na sisi wenyeji tulizisikiliza kwa adabu kama tulivyokuwa tukisikiliza Kilatini zamani. Lakini wa tatu kusema alikuwa mzee mwenzangu mwenye mvi, kutoka Tanzania, na aliomba ruhusa aseme kwa Kiswahili ili wenye nyumba nao wapate. Wanawake walisogea madirishani na sufuria zao.

"Sikia. Huyu anasema Kiswahili ya Misa."

"Kabisa. Ungoje, sasa atatubariki."

Alieleza jinsi wanavyochunguza madaftari ya vituo vya zamani kabla ya kuyaamini. Alisema makosa ya kopo ni mepesi kuona, kopo lililotoboka au lililowekwa chini ya mti. Makosa ya mwandishi ni magumu zaidi.

"Mvua haina adabu," alisema. "Hainyeshi kwa usawa. Leo inamwaga, kesho inanyima. Ukiona katika daftari siku mbili zinazofuatana zimepata kiasi kimoja, unaweza kusema ni bahati. Ukiona vivyo hivyo wiki inayofuata, na tena wiki nyingine, basi aliyenyesha hapo si Mungu, ni kalamu."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko changu kikafa katikati.

Naeleza sasa nilichokuwa nikifanya, maana siku ile ndipo nilipokiona kwa mara ya kwanza. Jumapili, saa mbili, ninaongoza ibada. Padri hutufikia mara chache kwa mwaka; Jumapili nyingine zote ni mimi, kuanzia saa moja hadi saa nne. Zamani nilimwuliza yule mtu wa serikali kama naweza kusoma kopo saa nne, baada ya ibada. Alisema hapana, saa nne si saa mbili. Nilimwuliza kama mwingine anaweza kusoma. Alisema asiguse mtu asiyefundishwa. Halafu akanionya kwa ukali kwamba hataki kuona chumba kitupu katika daftari. Sikuthubutu kuuliza swali la nne.

Basi Jumatatu saa mbili nilikuta katika kopo maji ya siku mbili, na katika daftari vyumba viwili vya kujaza. Kwetu watu wawili wakivua katika pirogi moja, samaki hugawanywa nusu kwa nusu, na hakuna anayeuliza nani alivuta zaidi. Nani angeweza kujua maji yale ni ya Jumapili au ya Jumatatu? Niliyagawa nusu kwa nusu. Yakiwa hayagawanyiki sawa, kile kilichozidi nilikipa Jumapili, kwa heshima ya siku ya Bwana. Nilifanya hivyo kwa dhamiri safi, wiki baada ya wiki, kwa miaka yote ile. Sikuwahi kuona uongo ndani yake. Niliona haki.

Na sasa mzee wa Tanzania alikuwa amekaa chini, na aliyefuata kusema alikuwa yule mama wa hali ya hewa, na alichokuja kuonyesha ni madaftari yangu.

Hapo injini ya umeme ikazimika. Tulikuwa tumeiazima kwa mfanyabiashara wa Kivu anayeuza mabati sokoni Kisangani, na mwenyewe alituonya kwamba inapenda kupumzika. Vijana wakaenda kuihudumia, wageni wakatoka kunyoosha miguu. Nilimshukuru Mungu kwa dakika zile, nikaenda kwa chefu, aliyekaa kiti cha mbele katika koti lake la sherehe, nikamwambia yote sikioni.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kugeuza kichwa.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Samaki bado iko kwenye moto. Batu wakule, wapande boti, waende. Uongo itangojea."

"Chefu, haikuwa uongo."

"Donc kama si uongo, unataka kuungama nini?"

Alikuwa amesema neno la kweli kwa njia mbaya. Nilisimama pale nikawaza watoto ninaowafundisha amri ya nane, usiseme uongo, wakikaa kwenye viti vile vile. Asubuhi ile kitu kile kilikuwa kosa la mtu asiyejua. Nikinyamaza, kabla ya chakula kitakuwa uongo wa mtu anayejua, na atakayeusema mbele za watu ni mwanamke aliyeniamini.

Nilimkuta akipanga karatasi zake karibu na shuka ya mke wangu.

"Mwanangu," nilimwambia, "ile siku mbili zinazofanana, ni mimi. Ni Jumapili yangu na Jumatatu yangu."

Nilimweleza kwa maneno machache. Aliacha kupanga karatasi.

"Tangu lini, papa?"

"Tangu mwanzo."

Alitazama kwenye shuka, ingawa hakukuwa na picha bado. Alikuwa ametengeneza mchoro wa siku za mvua kubwa za kisiwa chetu kando ya siku ambazo mto ulijaa. Alikuwa amenionyesha mwezi uliotangulia, kwa fahari. Ulikuwa umejengwa siku kwa siku, kutoka katika daftari langu.

"Injini inawaka sasa hivi," alisema. "Papa ataambia batu, ao ni mimi?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

"Basi ni papa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi.

Wageni waliporudi, alisimama akasema kwamba kabla ya kuonyesha chochote, mwandishi wa kituo ana neno. Nilisimama mahali pale ninaposimama kila Jumapili. Nimehubiri pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilieleza ibada, saa mbili, onyo la chumba kitupu, na mgawanyo. Nilipofika kwenye kile kilichozidi ambacho nilimpa Bwana, mzee wa Tanzania aliinamisha kichwa na mabega yake yakatikisika. Aliyekuwa akitafsiri kwa Kifaransa alichelewa kidogo, kisha upande ule nao ukacheka. Hawakunicheka vibaya. Lakini nilimwona chefu akitazama miguu yake, na yule mama hakucheka.

"Kwa hiyo, mzee," aliuliza yule wa Tanzania, "kwenu Jumapili na Jumatatu ni mapacha?"

"Kwa maji, ndiyo."

"Na hukuongeza hata tone?"

"Sikuongeza wala sikupunguza. Niligawa tu."

Mgeni mmoja, mtu mwembamba mwenye miwani, alisema kwa Kifaransa kwamba kituo ambacho mwandishi wake amebuni namba kwa miaka hiyo yote hakiwezi kuingia katika orodha, na kwamba kusikitika ni jambo moja na kupima ni jingine. Nilitafsiriwa maneno yake, na sikumlaumu; ningekuwa mwanafunzi wake ningemheshimu. Mzee wa Tanzania alijibu kwamba aliyegawa nusu kwa nusu anaweza kujumlisha tena. Jumla ya siku mbili ni ya kweli, jumla ya mwezi ni ya kweli. Kilichopotea ni kujua ni siku ipi. Walibishana kwa muda mrefu, kwa heshima, na harufu ya samaki ikaingia kupitia madirisha.

Mwishoni waliamua kutokuamua. Kisiwa hakikuingia katika orodha siku ile. Madaftari yote yarekebishwe, kila Jumapili na Jumatatu yake ziunganishwe, kisha yatumwe, na wangetazama upya. Yule mama alisema amekubali. Alifunga ordinateri yake bila kuonyesha mchoro. Shuka ya mke wangu ilibaki nyeupe siku nzima.

Walikula vizuri. Mwenye miwani alikula mbinzo na kuomba tena, na mama kiongozi wa wapishi alilazimika kumsamehe. Boti zilipoondoka watu waliimba, lakini nilisikia mmoja nyuma yangu akisema, "Katekista angenyamaza saa moja tu." Hakusema kwa chuki. Nyumba yake iko upande wa chini kabisa wa kisiwa.

Wiki mbili zikapita. Watu walinisalimu kama kawaida, na hiyo ilikuwa rehema kubwa. Jumapili ya kwanza baada ya wageni, nilipotangaza kwamba kopo linahitaji msomaji wa saa mbili, nilidhani tutabadilisha saa ya ibada, na nilikuwa tayari kuandika barua kwa padri. Baada ya ibada alinijia jirani yangu, Mwislamu kutoka Maniema anayekausha na kuuza samaki karibu na gati. Alikuwa amesikia kutoka nje.

"Papa, siku yangu ni Ijumaa," alisema. "Jumapili nyinyi wote mukiingia pale, mimi niko napumzika, hakuna mutu wa kumuuzisha samaki. Nifundishe."

"Itabidi ufike saa mbili kamili. Si saa mbili na dakika tano."

"Papa, mimi ninasali mara tano kwa siku. Unanifundisha saa?"

Nilimfundisha. Anashika bilauri kwa mikono miwili na kuiinua mpaka kwenye jicho, vizuri kuliko mimi.

Kisha yule mama alirudi, na kalamu nyekundu. Alikaa kwetu siku tatu. Tulitandaza madaftari juu ya meza barazani, mimi nikitafuta Jumapili kwa kalenda za zamani za parokia, yeye akichora mabano na kuandika jumla pembeni. Siku ya kwanza hatukusema kitu isipokuwa namba. Mke wangu, ambaye ni wa Opala na hapendi ukimya mezani, alileta chai mara nyingi kuliko tulivyohitaji.

Siku ya pili, katikati ya mwaka mmoja wa mvua nyingi, alisimamisha kalamu.

"Papa, mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Hizi namba. Miaka mingi. Niliona zinafanana, zinafanana. Ingekuwa kituo ingine, ningeuliza siku ile ile. Lakini ni wewe. Nikasema, papa katekista hawezi."

Nilitaka kumwambia asijilaumu, lakini niliona kwamba hakuhitaji kufarijiwa haraka. Alikuwa akiungama, na anayeungama husikilizwa.

"Ulipaswa kuniuliza," nilisema baadaye.

"Nilipaswa, papa."

"Na mimi nilipaswa kumwuliza yule marehemu swali la nne."

Hapo alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya wageni, akarudi kwenye mabano yake.

Tulifika kwenye Jumapili ambayo upepo na mvua viling'oa paa la kanisa wakati wa ibada. Kisiwa kizima kinaikumbuka. Katika daftari langu mvua ile imekatwa katikati, nusu yake imepewa Jumatatu ambayo kila mtu anajua ilikuwa ya jua, maana ndiyo tuliyokaushia vitabu vya nyimbo. Nilimwambia hapa tuna mashahidi, tuandike yote Jumapili. Alifikiri sana. Nilijua anaihitaji siku ile kwa mchoro wake kuliko siku nyingine yoyote.

"Hapana, papa," alisema. "Kumbukumbu si kipimo. Tutaunganisha tu kama zingine."

Akachora mabano.

Orodha ilitufikia miezi mingi baadaye, karatasi chache zilizofungwa kwa pini, ndani ya bahasha ambayo yule mama alimkabidhi mwenye pirogi. Jina la kisiwa chetu limo. Pembeni yake kuna kinyota kidogo, na chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo sana, kinyota kile kinaelezwa: Jumapili na Jumatatu za miaka ya nyuma zisomwe kwa jumla. Redio ya onyo ililetwa baada ya hapo, na kwa amri ya chefu inakaa nyumbani kwake.

Nilimpelekea chefu ukurasa ule. Aliusoma kwa kidole, kutoka juu mpaka chini.

"Vituo ingine havina nyota," alisema.

"Havina."

"Ni sisi peke yetu."

"Chefu, nyota ile ni alama ya kosa langu." Nikamsomea maneno ya chini, nikamtafsiria.

Alisikiliza, akakunja karatasi taratibu, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti lake.

"Nimesikia," alisema. "Lakini nyota iko."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, aliomba nafasi akawaambia watu wote kwamba kisiwa chetu kimepewa nyota. Walipiga makofi. Nilingoja makofi yaishe, kisha nikasimama na kuwaeleza nyota ile ni nini, tangu mwanzo, polepole, wakati nje jirani yangu akimimina maji ya saa mbili.